Nyumba ya Mbayuwayu Nje ya Mabamba

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa bwana nyuki wilayani Kibondo. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka porini na vijijini kuwaelekeza watu namna ya kutundika mizinga, kurina asali bila kuwaunguza nyuki wote, na kuchuja nta iwe safi. Mimi ni Muha wa Titye, upande wa Kasulu, na kwetu mizinga si jambo la kusomea. Lakini mimi niliisomea, nikapewa baiskeli, buti na kofia yenye wavu, na kuanzia hapo nikawa mtu wa serikali.

Asubuhi moja mkuu wangu wa kazi aliniita ofisini kwake. Alikuwa mtu mpole wa maneno, lakini alipozungumza na wewe alikuwa akitazama dirishani.

"Kuna mtu huko Mabamba anafuga ndege," akasema.

"Kuku?"

"Ingekuwa kuku nisingekuita. Mbayuwayu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba mwenyekiti wa kijiji kimoja karibu na Mabamba ameleta malalamiko. Mtu mmoja kutoka Kasulu mjini alikuwa amekodi duka la zamani lililoachwa na Mhindi, akayaziba madirisha yote, na hakuruhusu mtu kuingia. Akiulizwa, alisema anafuga mbayuwayu ili auze viota vyao kwa watu wa kuvila.

"Nani anakula kiota?" nikauliza.

"Ndiyo ukamuulize. Idara ya ndege hapa hatuna. Wewe ndiye unayeshughulika na vitu vinavyoruka."

Anayekumbuka mpaka ule miaka ile ataelewa kwa nini jambo la kuchekesha namna hiyo lilipanda mpaka wilayani. Wakimbizi wa Burundi walikuwa wamevuka kwa makundi miaka michache nyuma, wengine wakapelekwa kwenye makazi ya mbali, wengine wakabaki kwa ndugu zao kimyakimya. Kisha watu wetu wenyewe walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji vya kando ya barabara, na nyuma yao yakabaki mahame, nyumba tupu na migomba isiyo na mwenyewe. Kahawa ilikuwa ikivushwa usiku kwenda ng'ambo ya mpaka. Kila mgeni aliulizwa ametoka wapi, na kila mlango uliofungwa uliulizwa umeficha nini. Nyumba iliyozibwa madirisha, tena karibu na mpaka, haikuhitaji kesi. Watu walikuwa wamekwisha kuihukumu.

Na mimi nilikuwa mmoja wao. Kabla sijapanda baiskeli nilishaamua moyoni kwamba mtu huyo ni mlanguzi, na hao ndege ni kisingizio.

Mwenyekiti alinipokea vizuri mno. Alikuwa mtu mnene, mwenye suti ya kaki iliyopigwa pasi hadi ikasimama. Tulisalimiana kwa Kiha, akaniletea ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, akakaa mbele yangu kunitazama nikila.

"Yule si mfugaji, bwana nyuki," akasema. "Kila siku anaingiza maji ndani kwa ndoo. Wewe umesoma. Uliona wapi ndege wanaogeshwa?"

"Wewe umeshaingia mle?"

"Niingie nikafie ndani?" Akainama kunisogelea, akashusha sauti. "Sikiliza. Usijisumbue. Andika tu kwamba nyumba ni chafu, ina magonjwa. Ifunguliwe, ifagiwe, irudi mikononi mwa kijiji. Hakuna haja hata ya kufika. Utapumzika hapa, kesho utarudi zako Kibondo."

Mtu huyu ndiye aliyeomba nyumba ikaguliwe, na sasa nimefika, ananiambia nisiikague. Nikamjibu kwamba nimetumwa kuona, kwa hiyo nitaona. Akamwita askari mgambo mmoja, mwanamume wa makamo mwenye koti kubwa kuliko mwili wake, akamwamuru anisindikize. Sikujua kama ananipa mlinzi au mtu wa kunichunguza.

Senta ya zamani, pale lilipokuwa lile duka, ilikuwa mwendo mfupi kutoka kijijini, upande wa kuelekea mpakani. Nyasi zilikuwa zimepanda mpaka kwenye vizingiti vya nyumba. Tulisikia ndege kabla ya kuliona duka. Walikuwa wanazunguka juu angani kwa makundi, wembamba, weusi, na kiunoni mwa kila mmoja utepe mweupe, wakipiga kelele kali kama bawaba zisizopakwa mafuta. Kwetu mbayuwayu tunaita intamba, na tangu utotoni sikuwahi kuona wengi namna ile mahali pamoja.

Duka lenyewe lilikuwa la matofali ya kuchoma, paa la bati, madirisha yamepigiliwa mbao na kusiribwa udongo. Juu kabisa, chini ya paa, kulikuwa na mwanya mrefu, na ndege waliingia na kutoka pale kwa kasi ya kutisha. Mlangoni alikaa mtu mwembamba mwenye kofia ya kufuma na msuli safi. Alisimama alipotuona, lakini hakusogea mbali na mlango.

"Karibuni," akasema. "Ila tusemeni polepole."

Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, ingawa alizaliwa Kasulu. Babu yake, aliniambia baadaye, alikuja na biashara ya chumvi na nguo, akaoa, akabaki. Nilijitambulisha. Akaomba kitambulisho. Nikamwonyesha, akakisoma mbele na nyuma, akanirudishia, kisha akanyoosha kidole kwenye mfuko wangu wa begani.

"Huo uache nje."

"Kwa nini?"

"Watu wanaweza kutoka na kiota. Wakimaliza, nao wanaanzisha ufugaji wao."

Yaani mimi nimekuja nikimshuku yeye, kumbe naye amekaa hapo akinishuku mimi. Mgambo alikohoa, nadhani alikuwa anazuia kicheko.

Nikamuuliza wazo hili alilitoa wapi. Akajibu bila kusita, kama mtu aliyekwisha kulieleza mara nyingi na kutokuaminiwa mara nyingi. Alikuwa mpishi kwenye kambi ya Wachina waliokuwa wakijenga reli ya kwenda Zambia. Yeye aliwapikia Watanzania wa kambi; Wachina walikuwa na mpishi wao. Jioni moja mpishi yule, kwa Kiswahili cha kuokoteza na mikono, alimweleza kwamba kwao kuna ndege anayejenga kiota kwa mate yake mwenyewe, gizani, na kwamba kiota hicho huchemshwa supu inayonywewa na watu wakubwa na wagonjwa. Akamwambia pia kwamba kuna watu wanaowajengea ndege hao nyumba, wakawawekea giza na unyevunyevu, na ndege wakaja wenyewe.

"Kazi ya reli ilipokwisha nikarudi," akasema. "Nikapita hapa kutafuta maharage ya kuuza Kasulu. Nikaona hawa. Nikapanda, nikashika kiota kimoja. Bwana nyuki, kimegandishwa kwa mate! Nilikaa hapahapa chini nikatetemeka."

Nilimtazama usoni nikitafuta uongo. Sikuuona, na hilo likanifanya nishuku zaidi, kwa sababu walanguzi niliowahi kuwaona walikuwa na nyuso nzuri.

Akafungua kufuli. Tukaingia watatu, yeye akafunga mlango nyuma yetu haraka, na giza likatumeza. Harufu ilinipiga kwanza: kali, ya kuchoma macho, kama choo cha popo. Miguuni palikuwa na mapipa yaliyokatwa nusu na kujazwa maji. Yale maji ya kuogeshea ndege, basi, yalikuwa ya kuleta ubaridi. Macho yalipozoea niliona mbao alizopigilia kwenye boriti za paa, safu baada ya safu, na juu ya mbao na kwenye pembe za kuta kulikuwa na viota, vimebandikana kama mabonge ya udongo. Ndege walikuwa wakiingia kwa mwanya, wakijirusha ukutani, wakijishikiza kwa kucha. Kwa kweli aliwafuga. Au walijifuga wenyewe, naye akalipa kodi.

Lakini mimi sikutumwa kutazama juu tu. Nikapiga magoti, nikawasha tochi, nikaanza kupitia sakafu. Kando ya ukuta wa nyuma, chini ya viota vya zamani, mavi ya ndege yalikuwa yameganda tabaka nene, gumu. Nikachomoa kisu na kulibandua pembeni. Likainuka kipande kama gome. Chini yake palikuwa na punje.

Niliziokota, nikazipangusa kwa kidole gumba. Kahawa. Bado ina ganda lake la ndani. Nikabandua kipande kingine: kahawa tena, na nyuzi za gunia.

Nimekukamata, nikasema kimoyomoyo. Nikazifumbata zile punje, nikazitia mfuko wa suruali, nikazima tochi na kusimama kana kwamba sikuona kitu. Mwenye nyumba alikuwa ananitazama. Gizani mle sikuweza kujua ameona nini.

Tulipotoka akasema, "Sasa mtakunywa, mkaniamini."

Nyuma ya duka alikuwa na mafiga matatu na sufuria ndogo. Tayari alikuwa ameloweka kiota ndani ya bakuli. Akakaa kukichambua kwa mwiba, akiondoa manyoya moja moja, na manyoya hayakuisha. Kilichobaki mwishoni kilikuwa utando mweupe mdogo, unaonata. Akautia majini, akachemsha, akaongeza sukari. Akamimina vikombe vitatu vya bati.

Mgambo akakataa pale pale. "Mimi siumwi," akasema.

Nikabaki na kikombe mkononi. Zile punje za kahawa zilikuwa mfukoni, nzito kuliko ukubwa wake. Kama mtu huyu aliniona nikiziokota, kama ni kweli anavusha kahawa, na kama huko nyuma ya duka hakuna mtu mwingine ila mgambo mmoja ambaye sijui yuko upande wa nani, basi kuna nini ndani ya kikombe hiki? Nikamtazama anywe kwanza. Naye alinitazama mimi ninywe kwanza. Tulikaa hivyo, mvuke ukitupanda usoni, mpaka nikaona aibu.

"Tunywe pamoja," nikasema.

Tukanywa. Ilikuwa maji ya sukari yenye utelezi na harufu ya bawa. Alisubiri neno langu kama mzazi anayesubiri matokeo ya mtihani. Badala ya neno, niliingiza mkono mfukoni, nikafungua kiganja mbele yake.

"Hii nini, mzee?"

Akaweka kikombe chini. Rangi ilimtoka. "Kahawa."

"Imefikaje ndani ya nyumba yako?"

"Umeitoa wapi?"

"Chini ya mavi, ukutani kule nyuma."

Akaguna, akavua kofia, akajipangusa kichwa. "Sijafagia kule tangu nije. Kule ndiko walikokuwa tangu mwanzo, niliogopa kuwasumbua. Bwana nyuki, mimi nimeingia hapa mvua zimeshaanza. Kahawa huvunwa lini?"

Kahawa yetu ya Buha huvunwa kiangazi. Mvua zilikuwa bado hazijakatika. Tangu achukue nyumba hapakuwa na mavuno. Na lile tabaka lililokuwa juu ya punje lilikuwa gumu kama sakafu. Kahawa ile ilikaa mle kabla yake, katika kiangazi kilichopita, wakati senta yote ilikuwa hame.

"Kabla yako nani alikuwa na ufunguo?" nikauliza.

"Mwenyekiti. Mimi niliomba nyumba kwa katibu kata, katibu kata akamwamuru mwenyekiti anipe. Alinirushia ufunguo chini, sikuelewa nimemkosea nini."

Niligeuka kumtazama mgambo. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakuna kitako cha bunduki yake kuukuu kwa ukucha.

"Wewe unajua?" nikamuuliza kwa Kiha.

"Mimi nina watoto, bwana nyuki," akasema. Akatangulia njia ya kijijini.

Mwenyekiti alikuwa amesimama barabarani kutusubiri.

"Umeona nini?"

"Ndege."

"Ndege tu?"

"Na mavi yao."

Akacheka kwa sauti, lakini macho yake yalishuka mpaka kwenye magoti ya suruali yangu yaliyochafuka, kisha yakahamia kwa mgambo. Alinikaribisha nilale. Nikasema nina mizinga ya kuangalia njiani, nikapanda baiskeli. Nilipofika kwenye mlima wa kwanza niligeuka nyuma, sijui nilitarajia kumwona nani.

Kibondo nilimweleza mkuu wangu yote, kwa mdomo, mlango umefungwa. Nikamwambia kwamba mtu yule ni mkweli, kwamba viota vyake ni manyoya matupu yaliyogandishwa kwa mate kidogo na sidhani kama kuna atakayevinunua, lakini havimdhuru mtu, na mavi ya ndege wake yangefaa shambani. Kisha nikamwekea zile punje mezani, nikamweleza habari za ufunguo, na kwamba kiangazi kinakaribia na ndiyo maana mwenyekiti ana haraka ya kumtoa mtu yule.

Hakuzigusa mara moja. Alitazama dirishani. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akanitazama machoni.

"Nani mwingine umemweleza?"

"Hakuna."

"Vizuri."

Akazikusanya punje kwa upande wa kiganja, akazidondosha ndani ya saraka, akaifunga. Akaniuliza habari za mizinga. Nilitoka nje. Labda alikuwa mtu mwangalifu anayetaka kulipeleka jambo mahali panapostahili bila kelele. Labda. Lakini swali lile la kwanza liliniganda kichwani, na kuanzia siku hiyo nilianza kuangalia nani anaingia ofisini kwake, na magari gani yanasimama nje.

Haikupita muda mrefu nikakutana na yule mgambo sokoni Kibondo, amekuja kuuza maharage. Alinivuta nyuma ya mabanda, akanisimulia. Amri ilitoka wilayani kwamba nyumba ifunguliwe kwa sababu za afya, na imetajwa kwamba bwana nyuki ameikagua na kuikuta chafu. Mgambo wakapelekwa na mitaimbo. Wakabomoa mbao za madirisha, mwanga ukaingia, ndege wakatoka kwa mkupuo mmoja. Wakaamriwa kuvidondosha viota kwa miti mirefu. Makinda yakaanguka sakafuni.

"Na mwenyewe?"

"Alikuwa anaokota viota, anavitia kwenye debe. Hakutukana. Ningependa angetutukana."

Baada ya hapo nyumba ilifagiwa, kufuli jipya likatiwa, ufunguo ukarudi kwa mwenyekiti. Kiangazi kilipofika watu walisikia lori likiunguruma kule senta ya zamani mara kadhaa. Hakuna aliyeuliza, kwa kuwa nyumba hiyo haikuwa tena na madirisha yaliyozibwa. Mwenyekiti alibaki madarakani, na mimi nikahamishiwa Kasulu. Barua ya uhamisho ilisema ni kwa manufaa ya kazi. Mkuu wangu aliniaga vizuri, akanipa mkono, akitazama dirishani.

Kasulu ndiko nilikomkuta tena yule mtu, mwaka mmoja au zaidi baadaye. Niliingia kwenye mgahawa karibu na stendi kunywa chai, nikamwona nyuma ya meza ya maandazi, na kofia yake ileile ya kufuma. Nilifurahi kweli. Nikamsalimia kwa bashasha, nikamuuliza habari za debe la viota.

Aliniambia kwa ufupi, akiendelea kupanga maandazi. Alishuka nalo Kigoma, akapanda treni mpaka Dar es Salaam, akaulizia mpaka akampata Mchina mmoja mzee anayejua mambo hayo. Yule mzee alitoa kiota kimoja, akakipeleka kwenye mwanga, akakinusa, akakirudisha ndani ya debe na kulifunika kwa heshima. Akamwambia ni jamaa wa ndege mwenyewe, lakini siye. Yule wa kwao hujenga kwa mate matupu.

"Kwa hiyo nilikosea ndege," akasema.

"Pole sana, mzee."

"Ndege nilikosea mwenyewe. Sijamlaumu mtu kwa hilo." Akainua macho. "Lakini nyumba?"

Nikaanza kumweleza. Nikamwambia nilichomweleza mkuu wangu, neno kwa neno, kwamba nilimtetea, kwamba jina langu lilitumiwa kwenye amri nisiyoijua. Nilikuwa nikisema kweli tupu, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyojisikia mwenyewe nikifanana na mtu anayedanganya. Nilitumia maneno mengi mno. Nilirudia mambo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Uliingia nyumbani kwangu," akasema, "ukatoka na kitu mfukoni, ukaondoka bila kuniambia utakwenda kusema nini. Kisha nyumba ikavunjwa kwa jina lako. Wewe ungekuwa mimi, ungeamini lipi?"

Akaniletea chai ya maziwa na andazi la moto, akaviweka mbele yangu kwa adabu zote za mwenye mgahawa. Kisha akarudi kukaa kwenye kigoda chake kando ya jiko, akanitazama. Nilinyanyua kikombe, nikasita kidogo, na nikaona kwamba ameona nilivyosita. Nikanywa yote.